Ukuaji wa Daftarini Usichukuliwe kuwa Ukuaji wa Kweli

Katika ofisi nyingi, na hata katika shule, limezuka neno moja ambalo hutumika kufunga mjadala. Mtu akihoji takwimu iliyowekwa mezani hujibiwa kwamba kompyuta ndiyo iliyosema, na baada ya jibu hilo aghalabu hakuna anayethubutu kuongeza swali. Jibu hilo lina kasoro kubwa. Kompyuta hupiga hesabu kwa kasi ambayo binadamu hawezi kuifikia, lakini haiamui nini kihesabiwe, wala mpaka wa kitu uwekwe wapi, wala kitu kilichoandikwa leo kiunganishwe na kipi kilichoandikwa jana. Mambo hayo matatu huamuliwa na watu, na watu hukosea.

Ushahidi wa jambo hili umepatikana mahali ambapo wengi wasingeutazamia, yaani katika elimu ya falaki, miongoni mwa wataalamu wanaofuatilia jinsi halo za maada ya giza zinavyokua ndani ya uigaji wa kompyuta. Wataalamu hao hutumia baadhi ya mitambo mikubwa kabisa ya kompyuta iliyopata kutengenezwa. Hata hivyo waligundua kwamba sehemu ya ukuaji waliokuwa wakiuandika katika madaftari yao haikuwa ukuaji hata kidogo. Namna walivyoligundua jambo hilo, na namna walivyoanza kulirekebisha, ni somo linalostahili kufahamika kwa kila mtumishi wa umma na kila mwalimu.

Kwanza yafaa ieleweke maada ya giza ni kitu gani. Mwaka 1933 mwanafalaki Fritz Zwicky alichunguza mwendo wa galaksi katika kundi liitwalo Coma, akaona kwamba zinakwenda kasi mno. Kama kundi hilo lingekuwa na maada inayotoa nuru tu, mvutano wake usingetosha kuzishikilia galaksi hizo, nazo zingekwisha kutawanyika zamani. Ilimbidi aseme kwamba imo maada nyingine isiyoonekana. Kwa miaka mingi hoja hiyo haikutiliwa maanani na wengi. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walitangaza vipimo vya mzunguko wa galaksi ya Andromeda, na katika miaka iliyofuata wakapima galaksi nyingine nyingi. Ilionekana kwamba nyota na gesi za pembezoni huzunguka kwa kasi karibu sawa na zile zilizo ndani zaidi, ambapo ilitazamiwa kwamba zingekwenda polepole. Hapo wengi walikiri kwamba kila galaksi imezungukwa na kitu kizito kisichotoa nuru.

Vipimo vya chombo cha anga cha Ulaya kiitwacho Planck, ambavyo matokeo yake ya mwisho yalitolewa mwaka 2018, vinaonyesha kwamba maada ya giza ni mara 5 hivi ya maada ya kawaida, ile ambayo nyota, ardhi, maji na miili ya wanadamu vimeumbwa kwayo. Chembe yenyewe ya maada ya giza bado haijanaswa katika maabara yoyote kwa namna iliyothibitishwa. Inajulikana kwa mvutano wake tu, kama vile upepo ujulikanavyo kwa matawi yanayotikisika.

Maada hiyo haikutandazwa sawasawa angani. Imejikusanya katika mafungu makubwa yenye umbo la kukaribia mviringo, na kila fungu huitwa halo. Galaksi zenye nuru hukaa katikati ya halo kama kiini cha yai kilivyo ndani ya yai. Mwaka 1978 Simon White na Martin Rees walieleza kwamba galaksi hazina budi kuzaliwa ndani ya halo, gesi inapopoa na kuzama katikati, kisha kugeuka nyota. Kwa hiyo basi, anayetaka kujua galaksi ilivyokua hana budi kujua kwanza halo yake ilivyokua. Halo ya Njia Nyeupe, galaksi ambamo Jua na Dunia vimo, inakadiriwa kuwa na tungamo la Majua kama trilioni 1, na sehemu kubwa ya tungamo hilo ni giza tupu.

Halo hukua kwa njia mbili. Huvuta maada iliyotapakaa kando yake, na humeza halo nyingine zilizo ndogo kuliko yenyewe. Ndogo hutangulia, kubwa hufuata. Halo zilizozaliwa mapema huungana, na muungano huo huungana na mwingine, mpaka yanapatikana mafungu makubwa yenye galaksi mamia na maelfu. Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba, na hivyo ndivyo ulimwengu ulivyojazwa. Historia ya halo moja, ikiandikwa kikamilifu, ni shajara ya ukoo: kuna mzazi mkuu, kuna waliounganishwa naye, na kila mmoja wa hao ana wazazi wake.

Lakini hakuna binadamu anayeweza kukaa akaitazama halo ikikua. Ulimwengu una umri wa miaka karibu bilioni 13.8, na maisha ya mtu hayatoshi kuona hata hatua moja. Ndiyo sababu wataalamu wakageukia uigaji. Jaribio moja la mwanzo halikutumia kompyuta kabisa. Mwaka 1941 Erik Holmberg wa Sweden alipanga balbu 74 mezani, 37 kwa kila galaksi, akapima mwanga unaofika mahali pa kila balbu badala ya kupima mvutano, kwa kuwa vyote viwili hupungua kwa kanuni moja kadiri umbali unavyoongezeka. Kila alipopima, alizisogeza balbu kidogo, kisha akapima tena. Kazi yote ya kompyuta za leo katika fani hii ni kazi ile ile ya Holmberg, ila imeongezwa ukubwa.

Mwaka 1985 Marc Davis, George Efstathiou, Carlos Frenk na Simon White walitangaza uigaji wa maada ya giza uliotumia chembe 32,768. Miaka 20 baadaye, mwaka 2005, kundi la wataalamu wa nchi kadhaa liitwalo Virgo lilitangaza uigaji uliopewa jina la Millennium, uliofanyika Garching nchini Ujerumani na kusimamiwa na Volker Springel. Huo ulikuwa na chembe zaidi ya bilioni 10, katika mchemraba ambao kila upande wake una urefu wa zaidi ya miaka ya nuru bilioni 2. Mwaka 2021 wataalamu walitangaza uigaji uitwao Uchuu, uliofanyika nchini Japani, wenye chembe zaidi ya trilioni 2.

Hesabu huanzia kwenye hali ya ulimwengu ulipokuwa mchanga, ambapo tofauti za msongamano kati ya mahali na mahali zilikuwa ndogo sana. Hali hiyo haikubuniwa. Alama zake zimepimwa katika mnururisho wa kale uliobaki angani tangu ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama 380,000. Kutoka hapo kompyuta hukokotoa mvutano unaoikabili kila chembe, huisogeza kidogo, kisha hurudia tena na tena mpaka kufikia siku ya leo. Katika uigaji wa Millennium kila chembe iliwakilisha tungamo la Majua kama bilioni 1, na kazi nzima ilichukua karibu mwezi mmoja katika mtambo uliokuwa na vikokotozi 512 vikifanya kazi kwa pamoja.

Hapa ndipo penye jambo ambalo watu wengi hawalifahamu. Kompyuta hiyo haikutoa shajara yoyote. Ilitoa picha 64, yaani orodha 64 za mahali ilipo kila chembe katika nyakati 64 tofauti. Hakuna mahali katika orodha hizo palipoandikwa neno halo. Hakuna palipoandikwa kwamba fungu fulani la picha ya 40 ndilo lile la picha ya 39. Kazi ya kuzitambua halo katika kila picha, na kazi ya kuziunganisha kutoka picha moja hadi nyingine, hufanywa kwa programu zilizoandikwa na watu, na kila programu hufuata rai ya aliyeiandika.

Mtumishi wa umma ataielewa kazi hiyo kwa kuifananisha na sensa. Sensa ya watu nchini Tanzania ilifanyika mwaka 2012, ikafanyika tena mwaka 2022. Tuseme karani amekabidhiwa orodha ya kaya za mwaka wa kwanza na orodha ya kaya za mwaka wa pili, akaambiwa aandike historia ya kila kaya katika miaka 10 iliyo katikati. Mkuu wa kaya mmoja amefariki. Je, kaya ya mwanawe ni ile ile au ni mpya? Binti ameolewa na kuhamia kwingine. Je, kaya aliyokwenda imekua, au imeungana na nyingine? Familia ndogo imepanga chumba cha uani katika nyumba kubwa, na mhesabu aliyesimama mlangoni ameandika kaya moja badala ya mbili. Karani huyo hana budi kuamua, na uamuzi wake ndio utakaoitwa historia.

Wataalamu wa halo walikabiliwa na maswali ya namna hiyo hiyo. Katika kutambua halo, kanuni moja ya zamani na rahisi huitwa rafiki wa rafiki: chembe mbili zikikaribiana kuliko umbali uliowekwa, huhesabiwa kuwa za fungu moja, na rafiki wa mmoja huwa rafiki wa wote. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini halo mbili zikigusana kwa daraja jembamba la chembe chache, daftari huziandika kuwa moja kabla hazijaungana. Halo ndogo inapopita katikati ya kubwa, hufichwa na msongamano wa mwenyeji wake, ikatoweka katika picha moja au mbili, kisha ikajitokeza upande wa pili. Programu isiyo makini huandika kwamba halo ile imekufa, na kwamba nyingine imezaliwa kubwa tayari, bila mama wala baba. Pengine halo mbili zinazokaribiana hubadilishana tungamo katika orodha, hii ikaonekana imevimba ghafla na ile imekonda, kumbe angani hakuna kilichotokea.

Mwaka 2013 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walifanya jambo la busara. Walichukua orodha moja ya halo, iliyotokana na uigaji mmoja, wakazipa programu 10 tofauti za kutengeneza shajara. Chembe zilikuwa zile zile, picha zile zile, halo zile zile. Shajara zilizotoka hazikufanana. Baadhi ya programu ziliifuatilia halo moja mpaka zama za mbali, ambapo nyingine ziliikata historia yake njiani. Baadhi zilionyesha tungamo likipanda na kushuka kwa namna isiyoweza kuwa ya kweli. Matokeo hayo hayakufichwa wala hayakutafutiwa mtu wa kulaumiwa. Yalichapishwa, pamoja na mapendekezo: kwamba halo zifuatiliwe kwa namba ya utambulisho ya kila chembe, kwamba programu iwe na uwezo wa kuruka picha moja au zaidi ili kuitafuta halo iliyopotea, na kwamba mabadiliko makubwa ya tungamo yasiyodumu yashughulikiwe kwa uangalifu.

Isidhaniwe kwamba huo ni ubishi wa wataalamu usio na matokeo. Juu ya shajara hizo ndipo hesabu za galaksi zinapojengwa: lini nyota zilizaliwa, galaksi ipi iligongana na ipi, na baada ya muda gani. Tawi likikatwa kimakosa, galaksi hupewa umri usio wake. Muungano ukiandikwa ambao haukuwapo, nyota huzaliwa daftarini ambazo hazikuzaliwa angani. Msingi ukipinda, nyumba nzima hupinda, hata kama fundi wa kuta ni hodari.

Kosa la pili lililofichuliwa lilikuwa la siri zaidi, nalo ndilo linalostahili kuzingatiwa kuliko yote. Halo haina ukuta. Msongamano wake hupungua taratibu kutoka katikati kwenda nje, na hapana mahali ambapo mtu anaweza kusema kwa yakini kwamba hapa ndipo halo inapoishia. Kwa sababu hiyo wataalamu walijiwekea mpaka kwa mapatano. Wengi huuweka pale ambapo wastani wa msongamano wa maada iliyomo ndani umefikia mara 200 ya kiwango fulani cha msongamano wa ulimwengu kwa wakati huo. Mapatano hayo yana faida, kwa maana huwezesha kazi ya mtu mmoja kulinganishwa na ya mwingine.

Lakini ulimwengu unapanuka, na kadiri unavyopanuka kiwango hicho cha msongamano hushuka. Kipimo kikishuka, mpaka husogea nje wenyewe. Maada iliyokuwa imekaa nje ya mpaka, mahali pale pale, bila kusogea, hujikuta imeandikwa ndani. Tungamo la halo huongezeka daftarini ingawa halo haikumeza chochote. Mwaka 2013 Benedikt Diemer, Surhud More na Andrey Kravtsov walilichunguza jambo hili kwa makini, wakaonyesha kwamba kwa halo za kiasi cha ile ya Njia Nyeupe, sehemu kubwa ya ongezeko la tungamo katika nusu ya pili ya umri wa ulimwengu hutokana na kusogea kwa mpaka tu.

Hakuna mtumishi wa serikali asiyelijua jambo hili kwa sura nyingine. Mpaka wa mji ukipanuliwa na kuingiza vijiji vya jirani, idadi ya wakazi wa mji huo huongezeka siku ile ile. Hakuna mtoto aliyezaliwa, hakuna aliyehamia, wala hakuna nyumba mpya iliyojengwa. Msomaji wa taarifa asiyeambiwa habari ya mpaka atadhani kwamba mji umestawi, na huenda akapanga maji, shule na zahanati kwa kufuata ustawi huo ambao haupo. Aliyeandika taarifa hakusema uongo. Kila tarakimu yake ni sahihi. Amekosea kwa kunyamaza tu.

Wataalamu wa halo hawakunyamaza. Walianza kutafuta mpaka unaotokana na maumbile yenyewe ya halo badala ya mapatano ya watu. Tangu mwaka 2014 imependekezwa kwamba mpaka huo uwe pale ambapo maada iliyoingia karibuni, baada ya kupita katikati mara ya kwanza, hufika mwisho wa safari yake ya kutoka nje na kugeuka kurudi. Wengine hupima tungamo lililomo ndani ya umbali usiobadilika, ili kuona kama kweli katikati pameongezeka kitu. Mapatano ya zamani hayakutupwa, lakini sasa anayeyatumia kueleza ukuaji anatakiwa kujua kwamba kuna sehemu ya daftarini na sehemu ya kweli.

Kadhalika hawakuridhika na kukubaliana wao kwa wao. Walikwenda kuuliza mbingu. Mwaka 1999 makundi mawili ya wataalamu yalionyesha kwamba uigaji ulitabiri mamia ya halo ndogo kuizunguka galaksi kama Njia Nyeupe, ambapo galaksi ndogo zilizokuwa zikijulikana wakati huo zilikuwa kama dazeni moja tu. Tofauti hiyo ilitangazwa hadharani kuwa ni tatizo. Katika miaka iliyofuata darubini ziligundua galaksi nyingine hafifu, na leo zinajulikana zaidi ya 50; tena ilieleweka zaidi kwamba halo nyingi ndogo hazikuweza kuwasha nyota kwa kuwa gesi yake ilipashwa moto ikatoroka. Uigaji ulikuwa haujakosea kabisa, wala haukuwa umesema yote.

Shajara ya Njia Nyeupe nayo imepata mashahidi. Mwaka 1994 iligunduliwa galaksi ndogo katika kundinyota la Sagittarius ambayo inararuliwa na mvutano wa Njia Nyeupe hata sasa. Mwaka 2018 vipimo vya chombo cha Gaia viliwawezesha wataalamu kutambua nyota nyingi ambazo mwendo wake wote unasimulia habari moja: zililetwa na galaksi nyingine iliyomezwa karibu miaka bilioni 10 iliyopita. Tena kuna ushahidi ambao mwananchi yeyote wa Tanzania anaweza kuutazama kwa macho yake. Usiku usio na mwezi, katika miezi ya Desemba na Januari, mahali pasipo na taa za umeme, Wingu Kubwa la Magellan huonekana upande wa kusini kama kipande cha ukungu kisichosogezwa na upepo. Hiyo ni galaksi, iko umbali wa miaka ya nuru kama 160,000, ina halo yake, na tayari imo ndani ya halo ya Njia Nyeupe. Mwalimu akiwaonyesha wanafunzi wake wingu hilo, anawaonyesha tawi la shajara likiwa bado linaungana na shina.

Watakuwapo watakaosema kwamba elimu hii ni anasa ya mataifa tajiri, na kwamba nchi yenye upungufu wa madawati na maabara haina haja nayo. Hoja hiyo isidharauliwe, kwa maana ni kweli kwamba mitambo ya namna hiyo ni ghali mno. Lakini yafaa itenganishwe gharama ya mtambo na gharama ya elimu. Mwaka 2006 orodha za halo na shajara za uigaji wa Millennium zilianza kuwekwa wazi ili wataalamu wa nchi nyingine waziulize maswali, na zile za Uchuu zimewekwa wazi vilevile. Kazi kubwa ya kufikiri katika fani hii hufanywa baada ya mtambo kuzimwa, na wengi wanaoifanya hawakuugusa mtambo huo kamwe. Madaftari yakifunguliwa, asiye na mtambo naye ana nafasi ya kumsahihisha mwenye mtambo.

Na hata shule isiyo na kompyuta inaweza kulifundisha jambo hili. Mwalimu achukue vizibo 100 vya chupa, aviandike namba, avimwage mezani. Kundi la kwanza la wanafunzi liunganishe vizibo vinavyokaribiana kuliko upana wa vidole viwili. Kundi la pili litumie upana wa vidole vitatu. Kisha vizibo visogezwe kidogo, vihesabiwe tena, na kila kundi liandike shajara yake: fungu lipi limekua, lipi limemezwa, lipi limezaliwa. Madaftari ya makundi hayo mawili hayatafanana, ingawa vizibo ni vile vile. Mjadala utakaozuka hapo una thamani kuliko kukariri ufafanuzi wa takwimu kutoka kitabuni. Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa na Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1967, ilitaka mwanafunzi ajengewe akili ya kudadisi, na udadisi huanza pale mtoto anapoona kwamba hesabu mbili zilizofanywa kwa uaminifu zinaweza kutofautiana.

Ama katika ofisi za umma, somo lenyewe ni fupi na halihitaji semina. Taarifa yoyote inayotangaza ukuaji, iwe ya mazao, ya uandikishaji wa wanafunzi, ya mapato au ya wakazi, haina budi kufuatana na majibu ya maswali manne. Kitu kilichohesabiwa kilitambuliwaje? Mpaka wake ulikuwa wapi safari ile, na uko wapi safari hii? Nani aliyeunganisha orodha ya zamani na ya sasa, na kwa kanuni gani? Je, mtu mwingine amepewa orodha zile zile akajaribu kwa njia nyingine? Ofisa anayeulizwa maswali hayo asione kwamba anashukiwa wizi. Wataalamu waliozipambanisha programu 10 mwaka 2013 ndio hao hao walioziandika nyingi kati ya programu hizo, na hakuna aliyepoteza heshima kwa kuonyeshwa mahali kazi yake ilipopungua. Waliopata hasara ni makosa tu.

Kuuliza si ujinga, na kuulizwa si fedheha. Ongezeko lililosimama juu ya mpaka uliosogezwa litafichuka siku moja, ama kwa ukaguzi ama kwa mwananchi atakayefika kisimani akakuta maji hayatoshi. Ni afadhali lifichuke mapema, mezani, miongoni mwa watu wanaofanya kazi pamoja. Penye wengi hapaharibiki neno, ilimradi wengi hao waruhusiwe kulifungua daftari.